Gunia Si Kipimo

Ndugu msikilizaji, agizo la wiki hii umeshalisikia: lumbesa marufuku. Msimu uliopita nao ulilisikia hilo hilo, na alizeti yetu hapa Manyoni ikafungwa lumbesa vile vile. Sisi tunauliza swali moja tu: mizani iko wapi?

Kilemba cha lumbesa, kile kinachoshonwa juu ya gunia, kila mtu anakiona. Tatizo ni lile jina tulilolizoea. Gunia ni chombo cha kubebea mzigo. Limegeuka kipimo kwa sababu kijijini hakuna mizani, na anayekuja na gunia ni mnunuzi. Mwenye gunia ndiye mwenye kipimo.

Debe nalo ni yale yale. Debe la zamani, lile la bati la mafuta ya taa, lilikuwa la galoni 4, kama lita 18. Siku hizi tunaita debe ndoo ya plastiki ya lita 20, tena inajazwa mpaka ipige kichwa. Jina ni lile lile, lita 2 zimeongezeka. Kwa gunia la debe 6, mkulima ametoa lita 12 za bure kabla ya kilemba. Mizani iko wapi?

Tunaambiwa mzigo usizidi kilo 100. Sawa. Lakini alizeti ni nyepesi. Gunia lake likijaa huwa kilo sitini na kitu. Lishonee kilemba, bado halifiki mia. Mkaguzi anayetafuta kilo 100 ataliacha lipite, na mkulima wa Chikuyu amelipwa gunia moja. Halmashauri nayo, pale kwenye geti la ushuru inapohesabu magunia badala ya kilo, inapunjwa pamoja naye.

Kukataza kilemba na kuliacha gunia liendelee kuitwa kipimo ni kumkamata mwizi mkono mmoja. Mizani iko wapi, waheshimiwa? Kabla ya agizo jingine, kila kijiji kipate mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Na sisi wakulima, kuanzia Kintinku hadi Itigi, tuache kuuliza bei ya gunia. Tuulize bei ya kilo! Mnunuzi akija na gunia, mwambie aje na mizani. Hana mizani? Aondoke na gunia lake tupu! Wenyeviti wa vijiji, simameni nasi. Akina mama, msikubali ndoo ile. Msimu huu Manyoni tuuze kwa kilo. Kilo, jamani, kilo!