Mbwa Wako Akichechemea

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wachungaji: mbwa akichechemea, kwanza mwangalie nyayo. Hapa Lodwar, na Kakuma vilevile, mara nyingi ni mwiba wa mathenge tu. Ung'oe, osha kwa maji ya chumvi, basi.

Lakini yuko yule mzee anayeamka amekakamaa, halafu akitembea kidogo analegea. Huyo ni viungo. Gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, umelika. Haurudi, ila maumivu hupungua: mpe gunia la kulalia, matembezi mafupi kila siku, na mbuzi wakienda mbali abaki nyumbani.

Sasa sikieni vizuri. Usimpe dawa zako za maumivu! Brufen na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Muulize daktari wa mifugo.

Tena usimwonee huruma kwa kumtupia maini au mapafu yenye vifuko vya maji. Humo hupata tegu, na mayai yake humrudia mtoto anayemshika na kula bila kunawa. Ugonjwa huo Turkana tunaujua. AMREF ilianza kupambana nao hapa mwaka 1983. Vifuko hivyo vichomwe moto.