Ekzosi Mpya, Kabureta ya Zamani: Kubadilisha Bomba la Moshi kwenye Pikipiki za Nyeri

Mada kwa semina ya mafundi na waendeshaji bodaboda, Skuta



Nimeombwa nizungumzie ufungaji wa ekzosi zisizo za kiwandani. Nitaanza na msimamo wangu ili mjadala upate pa kushika. Ekzosi ni kiungo cha injini. Fundi anayefungua ya zamani, akafunga mpya na kupokea pesa yake bila kugusa kabureta wala kutazama plagi, amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki itamaliziwa na joto ndani ya silinda, na gharama yake atailipa mwenye pikipiki.

Sote hapa tunajua mambo yanavyoanza. Kijana ana Boxer au TVS, anaona haivuti akiwa na abiria na gunia la viazi. Jumamosi anaziona pikipiki kubwa za kutoka Nairobi zikipita kuelekea Nanyuki, zinanguruma mpaka vioo vya maduka vinatetemeka, na moyoni anaamini kwamba nguvu iko kwenye ule mngurumo. Anashuka Kirinyaga Road, Nairobi, anarudi na mkebe unaong'aa, umebandikwa nembo ya Yoshimura au Akrapovič. Akrapovič halisi ni kampuni iliyoanzia Slovenia mwaka 1990, nayo hutengeneza bomba kwa ajili ya modeli maalumu ya pikipiki na kulipima kwenye injini ya modeli hiyo. Mkebe wa kuigiza haukupimwa kwenye Boxer, wala TVS, wala injini nyingine yoyote. Huo ndio unaoletwa kwako, fundi, na swali ni utaufunga vipi.

Kwa nini pikipiki inachoka huku kwetu

Mji wetu wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hiki hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini ndogo isiyo na tabo hunyonya ujazo uleule kila mara, iwe Likoni kule Mombasa au hapa Skuta, lakini huku kwetu ujazo huo hubeba oksijeni pungufu. Boxer 150, ambayo injini yake ni sisi (cc) 144.8, hutangazwa kuwa na nguvu za farasi 12 hivi. Huku milimani hubakia kama 10. Hizo mbili hazikuzuiliwa na sailensa, kwa hiyo kuitoa sailensa hakuwezi kuzirudisha.

Kimo kinaleta jambo la pili, na hili ndilo ninaloomba mlishike. Kabureta hutoa petroli kwa kufuata mwendo wa hewa inayopita kooni mwake. Hewa ikiwa nyepesi, petroli haipungui kwa kadiri ileile, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Ukipiga hesabu, pikipiki iliyosetiwa kwa ajili ya usawa wa bahari itakuwa inachoma petroli zaidi ya inayohitajika kwa asilimia 8 hadi 9 ikifika Nyeri. Sasa funga ekzosi inayopumua kwa urahisi zaidi. Injini inapitisha hewa zaidi, na mchanganyiko unaelekea kuwa mwepesi. Yaani kasoro ya kimo imefunikwa na kasoro ya bomba, na kwa muda pikipiki inaitika vizuri kuliko mwanzo. Mwenyewe anatangaza stejini kwamba amepata fundi.

Kisha anapata kazi ya kubeba mchele Mwea, au anaipeleka pikipiki pwani. Akifika Sagana, ameshashuka mamia ya mita. Hewa inakuwa nzito, jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) ni ileile, na injini iliyokuwa sawa Skuta inachoma mchanganyiko mwepesi huku imebeba mzigo kwenye joto. Valvu ya moshi inaanza kuungua kingo zake, pistoni inakwaruza silinda. Hakuna atakayemlaumu fundi wa ekzosi, kwa sababu miezi imepita. Anayepanda Nyahururu, ambako ni zaidi ya mita 2,300, hukutana na kinyume chake: injini inakohoa, plagi inajaa masizi. Sisi tunaofanya kazi kwenye miinuko na mabonde ya Mlima Kenya tuna sababu zaidi kuliko mafundi wengine ya kumuuliza mteja swali hili kabla ya kushika spana: pikipiki hii hufanya kazi wapi?

Bomba linafanya nini hasa

Valvu ya moshi inapofunguka, hewa yenye shinikizo hutoka kwa kishindo, na wimbi la shinikizo hilo hukimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapotanuka au linapoishia, sehemu yake hugeuka na kurudi likiwa wimbi la mvuto. Likirudi kwenye valvu kwa wakati unaofaa, husaidia kuvuta moshi uliobaki na kukaribisha mchanganyiko mpya. Likirudi wakati mbaya, huzuia. Chukueni mfano. Katika moshi wa moto, wimbi husafiri kama mita 500 kwa sekunde. Bomba likiwa na urefu wa mita moja, kwenda na kurudi ni mita mbili, yaani milisekunde 4. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 10. Hivyo wimbi linarudi baada ya mzunguko kutimiza nyuzi 144. Ukilikata bomba nusu, litarudi baada ya nyuzi 72. Msumeno wako umebadilisha ratiba ya injini bila hata kuifungua.

Upana nao una neno lake. Bomba pana mno hupunguza mbio za moshi, na kinachopotea kwanza ni mvuto wa chini, ule wa kuondokea mlimani na mzigo. Injini ya bodaboda huishi kwenye mvuto huo. Kwa hiyo welda anayechukua bomba nene la geti kwa kuwa ndilo lililobaki kwenye karakana anamwondolea mteja kitu kilekile alichokuja kukitafuta. Lipime bomba la zamani kwa kalipa, ndani na nje, kabla hujalikata jipya, na usiende mbali na vipimo hivyo. Bajaj waliweka chemba ndogo ya pembeni kwenye bomba la pikipiki zao za Discover na Pulsar kwa ajili ya mvuto huo wa chini. Nimeona ikikatwa na kutupwa kwa kudhaniwa ni uvimbe usio na kazi.

Wazee wetu wa ufundi wana imani moja iliyotokana na pikipiki za zamani, zile Yamaha za maafisa wa kilimo zilizokuwa za mipigo miwili. Kwenye injini ya namna hiyo bomba ni nusu ya injini kwelikweli. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, aliliboresha bomba lenye tumbo ambalo wimbi lake hurudisha ndani mchanganyiko unaotaka kutoroka, na kufikia mwaka 1961 injini yake ya sisi 125 ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka na siri hiyo akaenda Suzuki, na mwaka 1962 Suzuki wakatwaa ubingwa wa dunia wa sisi 50. Hadithi hiyo ni ya kweli na inasisimua. Lakini Boxer na TVS za stejini ni za mipigo minne, zina valvu, na faida ya bomba kwao ni ndogo sana. Tuwaambie wateja hivyo waziwazi.

Kufungua na kufunga

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo pikipiki nyingi zinapoumizwa.

Ekzosi hushikwa kwenye kichwa cha silinda kwa nati mbili zilizokaa kwenye stadi, zile bolti zisizo na kichwa. Stadi ni chuma, kichwa ni alumini, na katikati pana kutu ya miaka. Ukiingia na spana ukiwa na haraka, stadi inakatikia ndani, na kazi ya nusu saa inakuwa ya kuchimba kwa drili na kutengeneza nyuzi upya. Weka mafuta ya kulegeza kutu jioni, uache yanywe usiku kucha. Asubuhi piga brashi ya waya kwenye nyuzi, kisha legeza robo, rudisha kidogo, legeza tena. Ikikataa, washa injini ipate joto la wastani, izime, ujaribu tena ukiwa na glavu.

Gasketi ya zamani itoe yote. Mara nyingi imebanwa ikawa kama sehemu ya kichwa, na fundi huweka mpya juu yake, bomba likakaa upande. Mpya iwe ya kipimo chake, ikae yenyewe kwenye kiti chake. Kisha shika ekzosi kwa vidole kwanza: nati za kichwani zikiwa legevu, bolti ya fremu ikiwa legevu, mpaka bomba lipate mlalo wake wenyewe. Kaza za kichwani kwanza, kidogo huku na kidogo kule kwa zamu, halafu ndipo ukaze ya fremu. Ukianza na ya fremu, bomba linaning'inia kwa nguvu, na barabara ya mawe italikata shingoni. Ikishachemka na kupoa mara ya kwanza, kaza tena.

Gasketi ikivuja, injini huvuta hewa ya nje bomba linapokuwa na mvuto, na ukirudisha resi kwenye mteremko ekzosi inapiga milio. Mteja husema hiyo ndiyo sauti ya mashindano. Mwambie ni uvujaji, umzibie.

Kuchomelea kufanyike bomba likiwa nje ya pikipiki. Umeme wa welda ukipita kwenye fremu huweza kuua sidii-ai (CDI), kifaa cha umeme wa plagi, na kwenye pikipiki za injeksheni huua kompyuta yake. Bomba la gavanaizi msilichome kabisa: moshi wake mweupe ni wa zinki, na jioni utapata homa na baridi utakayodhani ni malaria.

Kuna kitundu kidogo chini ya sailensa ambacho wengi hukiona, wakadhani ni kutu imetoboa, wakakiziba. Msikizibe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Katika baridi ya Julai, na safari fupi za Skuta hadi mjini, sailensa haipati joto la kuyakausha, na kitundu ndicho njia yao. Ukikiziba, sailensa inaoza kutoka ndani.

Kusoma plagi

Ekzosi ikishafungwa na injini ikishapata joto, mpeleke mwenye pikipiki kwenye mlima usio na magari mengi. Apande na resi kubwa kwenye gia moja, kisha kwa pamoja abane klachi na kuzima injini, aachie pikipiki iende mpaka isimame kando. Toa plagi hapohapo. Kauri ikiwa ya kahawia, mchanganyiko ni sawa. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi: panda jeti kubwa kwa hatua moja, urudie. Ikiwa nyeusi na ina unga wa masizi, shuka hatua moja. Usiisome plagi baada ya injini kunguruma bila resi langoni kwa dakika tano. Utakachosoma ni hali ya bila resi tu. Kwa resi ya katikati rekebisha sindano, kwenye kabureta ambazo sindano yake ina vijia: klipu ikishuka kijia kimoja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Pikipiki mpya za injeksheni zenye sensa ya oksijeni kwenye bomba zinahitaji ekzosi yenye tundu la sensa hiyo. Bila tundu, usiifunge.

Sauti

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba katika maeneo ya makazi mchana na 35 usiku, na eneo la hospitali ni chini ya hapo mchana. Kanuni za barabarani nazo zinataka kila chombo cha injini kiwe na sailensa inayofanya kazi. Pikipiki iliyotolewa vizuizi vya ndani hufika desibeli 100 karibu na bomba. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani huruhusu sikio dakika 15 kwa siku katika kiwango hicho, na mwendeshaji wetu yuko juu ya tandiko kuanzia alfajiri hadi usiku. Atakayeanza kupoteza masikio ni yeye, kabla ya mgonjwa aliye wodini na kabla ya mama mwenye mtoto mchanga pale kando ya steji.

Ile tabia ya kuzima na kuwasha swichi resi ikiwa wazi ili ekzosi ilie kama risasi, kwenye misafara ya siasa na hata ya mazishi, inalipua petroli mbichi ndani ya sailensa. Mishono hupasuka, kingo za valvu huungua. Kwa mazishi, nasema kama mzee, inawaumiza na wafiwa.

Na joto: bomba lisilo na kinga ya bati humchoma abiria kwenye shavu la mguu, hasa mtoto na mama aliyevaa sketi. Ekzosi ya kuigiza mara nyingi huja bila kinga hiyo. Hamisha ya zamani, au ukate bati ulifunge kwa vipande vinavyoacha nafasi ya hewa kati yake na bomba. Bila hiyo, pikipiki isitoke karakanani.

Ninalopendekeza kwa mafundi wa Skuta ni kadi moja ya kazi tutakayoitumia sote: namba ya jeti iliyotoka na iliyoingia, kijia cha klipu, rangi ya plagi, na mahali pikipiki inapofanya kazi. Nakala apewe mwenye pikipiki, pamoja na ekzosi yake ya zamani na jeti yake ya zamani ndani ya mfuko, ili akihamia Mwea au Mombasa, fundi wa huko ajue pa kuanzia.