Nyumba Katika Miaka ya Msiba
Maneno yaliyosemwa Chidya mbele ya makutano ya mitaa na walimu



Mwaka 1876 Askofu Steere alifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na mwaka 1926 Dayosisi ya Masasi ilitengwa na ile ya Unguja. Habari hizo zimeandikwa vitabuni, pamoja na majina ya maaskofu na mapadre. Lakini habari ya mama aliyehifadhi mbegu juu ya moto wa jiko, watoto wakilala na njaa, haikuandikwa na mtu. Basi leo twataka kusema juu ya nyumba zetu: jinsi zilivyosimama wakati wa msiba, na jinsi zilivyotikiswa msiba ulipokwisha.

Nchi yetu imepatwa na misiba mingi, tena mara nyingi haikuja mmoja mmoja. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliishambulia Masasi, wakachukua watu mateka. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika, na baada ya vita ikaja njaa. Kisha vikaja vita vikuu vya mwaka 1914 hata 1918, vilivyopita katika mashamba yetu wenyewe mwaka 1917, mpaka majeshi yakavuka Ruvuma. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na chakula kikachukuliwa kwa ajili ya askari. Pasipo mikono ya kulima, ghala hukauka. Na mwili usioshiba hauna nguvu za kupigana na ugonjwa. Ndipo homa kali ya mafua ya mwaka 1918, iliyozunguka dunia nzima, ilipozikuta nchi zilizopitiwa na vita zikiwa zimekwisha dhoofika. Mtu aweza kusema, hili ni la wanadamu na hili ni la mbingu. Lakini mlangoni pa maskini yote huingia pamoja.

Katika miaka ya 1930 wakaja nzige wekundu. Miaka ile ile bei ya mazao ilikuwa imeanguka duniani kote, na kodi ilidaiwa vile vile. Basi wanaume wengi wakashuka pwani kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Mikindani.

Tena ziko tufani. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa minazi na mikarafuu isiyo na idadi. Aprili 1952 tufani nyingine ikaipiga Lindi. Aprili 2019 ile iliyoitwa Kenneth ilishuka kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wiki sita tu baada ya Idai kuiangamiza Beira. Na watu wa pwani ya Mtwara wakaambiwa wahame mabondeni. Mwanzo wa Mei 2024 ikaja Hidaya, na mafuriko yakakata barabara ya Lindi. Angalieni miezi: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Ndiyo miezi ambayo nafaka imesimama shambani, na akiba ya mwaka uliopita inakwisha. Upepo wa siku moja huweza kuchukua chakula cha mwaka mzima.

Juu ya nyanda za Makonde liko jambo moja zaidi. Mvua hunyesha, lakini mchanga huyanywa maji yote, na chemchemi hutoka chini mabondeni. Kwa hiyo tangu zamani wanawake walishuka mteremko na mitungi, wakapanda tena na mzigo kichwani. Mwaka wa ukame chemchemi hupungua na safari huongezeka. Mama aliyetumia nusu ya siku kwa maji hana nusu hiyo ya kutafuta chakula. Mabomba na visima vya kuhifadhi maji ya paa vimepunguza taabu hiyo mahali pengi, wala hatukosi kushukuru. Lakini havijaiondoa yote.

Basi watu waliishije? Waliishi kwa maarifa ya wanawake. Mama zetu walijua mahali pa kuchimba ming'oko porini. Walijua ni viazi vipi vya mwitu vyenye sumu, na viloweke siku ngapi kabla ya kupikwa. Waliacha mihogo ardhini kama ghala isiyoungua moto, wakakausha makopa, wakapanda mbaazi pembeni mwa shamba kwa sababu huvumilia jua. Katika siku za njaa nyumba ilikusanyika. Chungu kimoja kililisha nyumba tatu, na ugomvi wa zamani ukanyamaza.

Lakini twataka kusema neno ambalo wengi hawalisemi. Msiba wenyewe haukuzivunja nyumba nyingi kama siku zilizofuata. Mvua ikirudi, watu wa mbali husema, taabu imekwisha. Sisi tuliokaa hapa twajua kwamba ndipo inapoanza hesabu: nani yuko wapi, nani anamdai nani, na nani alimwacha nani.

Tulimjua mama mmoja ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi katika mwaka wa njaa, asilete habari. Mama yule aliwagawa watoto wake. Mwana mkubwa alimpeleka kwa mjomba wake, binti akaenda kwa bibi, naye akabaki na mchanga mgongoni. Mwaka wa pili mahindi yalikubali. Mama akamtaka mwanawe, na mjomba akajibu, "Nimemlisha mimi, shamba hili tumelilima pamoja." Hakuwa mtu mbaya. Kwetu sisi, Wamakua na Wayao na Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana haki juu yake. Lakini mama naye alikuwa na haki yake. Wazee wakakaa siku mbili. Mama akaleta kapu la mahindi mapya, akaliweka mbele ya ndugu yake, asiseme neno la kushitaki. Mjomba akasema, "Mchukue." Kijana akarudi, lakini kwa muda wa mwaka mzima hakutia mkono katika chungu cha mama yake asiombe ruhusa kwanza. Mama akatuambia, "Njaa ilikwisha tumboni mwake, ikabaki mkononi."

Ndugu zetu, neno hilo tusilisahau. Ghala hujaa kwa mavuno mamoja, lakini moyo wa mtoto haujai hivyo.

Kwa hiyo twaleta mashauri machache. Ninyi akina baba mnaokwenda mbali kutafuta riziki, pelekeni habari hata kama hamna fedha ya kupeleka. Mtu asiye na fedha bado ni baba, lakini mtu asiye na habari huhesabiwa na wafu. Ninyi wajomba na bibi mnaopokea watoto wakati wa dhiki, pataneni tangu siku ya kwanza, mbele ya mashahidi, kwamba mtoto ni mgeni wa heshima wala si malipo ya chakula. Nanyi wazazi mnaompokea mtoto wenu tena, msiende mikono mitupu kwa yule aliyemlea.

Walimu wetu, ninyi mwaona kwanza. Mtoto anayesinzia asubuhi si mvivu daima. Pengine alishuka bondeni kuteka maji kabla ya jua, au hakula tangu jana. Ulizeni kabla ya kukemea. Tena wafundisheni watoto majina ya vyakula vya porini na namna ya kuvitengeneza, wakiitwa bibi zao waje kuonyesha, maana maarifa haya yakizikwa na wazee, njaa ijayo itatukuta bila silaha. Habari ya Yusufu na ghala za Misri mwaisoma kila mwaka. Isomeni na jembe mkononi.

Na ninyi watu wa mitaa, wakati wa mavuno hesabuni nyumba zisizo na mwanamume, za wajane na za wazee, mkajue akiba yao kabla Aprili haijafika. Kumpelekea mtu chakula usiku, pasipo kumwaibisha, ni desturi ya kale nayo ni njema. Akiba haiozi, walisema wazee. Nasi twaongeza, akiba iliyo bora ni jirani.

Jubilei ni siku ya kuhesabu tulivyopewa. Tukihesabu makanisa na shule, tuwahesabu pia wale waliogawanya makopa ya mwisho, na watoto waliorudi nyumbani. Kama yuko mmoja katika ukoo wenu ambaye hajarudi tangu mwaka wa njaa au wa mafuriko, mwaka huu na utumwe mtu kumwita.

Tumesema. Mungu azilinde nyumba zenu.