Tumufunike Mutoto, Tusimunyime Dawa



Leo tunafungua Mwanzo 9, mustari wa 23. Semu na Yafeti walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamufunika baba yao bila kutazama uchi wake. Noa alikuwa amelewa, hata hivyo walimufunika. Mutoto asiye na kosa hastahili zaidi?

Tunasema juu ya watoto wetu wenye kifafa. Wengine wanakunywa dawa vizuri, kuanguka kunapungua, lakini wanaanza kukojoa kitandani, hata wale walioacha zamani. Sisi tunawaita wavivu, tunawachapa, tunaanika godoro mbele ya majirani. Wengine wetu tunasema pepo mwingine ameingia. Hapana, wapendwa. Inaweza kuwa dawa yenyewe. Valproati, inayouzwa pia kwa jina la Depakine, inajulikana kuleta jambo hili kwa watoto wengine. Tena inaweza kuwa kifafa kilimushika mutoto usiku tukiwa tumelala, maana kifafa nacho kinatoa mukojo. Munganga ndiye atatafuta sababu.

Hatari iko hapa: tunachoka kufua mashuka, tunamukatisha mutoto dawa. Dawa ikikatwa gafula, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, kikamushika bila kumuachilia, hata kumuua. Kikipita dakika 5, tumukimbize hospitali.

Basi tusikate dawa, wala tusipunguze vidonge sisi wenyewe. Tuandike siku mutoto alizokojoa, tuende kwa munganga pamoja na dawa yake. Yeye anaweza kupunguza kipimo, ao kubadilisha dawa polepole, na mara nyingi kukojoa kunaisha. Nyumbani tuweke plastiki chini ya shuka, mutoto aende choo mbele ya kulala, na siri yake ikae ndani ya nyumba.

Na maombi? Tuendelee kuomba! Mufalme Hezekia alilia mbele za Mungu, Mungu akamusikia. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38:21). Maombi na dawa havikupigana siku ile, visipigane katika nyumba zetu.

Kesho asubuhi tukikuta shuka limelowa, tutembee kinyumenyume kama Semu na Yafeti. Tumufunike mutoto, kisha tumupe kidonge chake.