Kupeleleza Kanga Kabla ya Msimu wa Kuwinda

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kanga, yule ndege wa madoadoa ambaye husemwa ndiye aliyeipa jina nguo ya mama zetu. Ninyi mnaoomba kibali cha kuwinda mnajua ya kuwa msimu hufunguliwa mwezi wa Julai. Basi kazi ya Mei na Juni ni kupeleleza. Bunduki na ibaki nyumbani. Chukua daftari na penseli.

Mtu wa Tunduma mjini, penye foleni ya malori yangojayo kuvuka kwenda Zambia, hana budi kushuka bondeni, upande wa Kamsamba na mto Momba, ambao humwaga maji yake Ziwa Rukwa. Huko tazama chini kwanza. Nyayo za kanga zina vidole vitatu mbele na kimoja kidogo nyuma. Utaona pia ardhi iliyochakurwa kana kwamba kuku wamepita, na vishimo vya vumbi wanamooga. Kinyesi kingi na manyoya chini ya mti mkubwa ni dalili bora kuliko zote, maana kanga hulala mtini, na kundi hupenda kurudi mti ule ule.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuseme mtu aona kanga 23 siku ya Jumatatu mtoni, 21 Jumatano shambani, na 24 Jumamosi njiani. Hujumlisha, hupata 68, kisha hutangaza kijijini kwamba kanga wamejaa. Lakini kundi moja hutembea mchana kutwa kati ya maji, chakula na mti wake. Huenda aliona wale wale mara tatu! Basi wakiuawa 20, bonde limebaki na watatu au wanne.

Dawa yake ni hii. Watu wawili au watatu wakae jioni moja, saa ile ile, kila mmoja karibu na mti wake. Kanga huja kwa mstari, tena hupiga kelele kabla ya kupaa, hivyo kuwahesabu si kazi ngumu. Rudieni jioni nyingine mbili. Wawindaji wa bata mzinga wa mwituni huko Marekani nao hutafuta miti ya kulala kabla ya msimu wao. Na si ajabu, ndege hao ni jamaa. Hata jina la kitaalamu la bata mzinga, Meleagris, ni neno la Kigiriki la kanga.

Tena hesabu wachanga. Mvua zinapoanza kundi hugawanyika wawili wawili, na jike hutaga nyasini mayai 6 hadi 12, au zaidi, akayaatamia karibu siku 27. Mvua ikichelewa, vifaranga nao huchelewa. Kanga mzima ana pembe ya mfupa kichwani na vijinyama vinavyoning'inia mashavuni. Mchanga pembe yake ni fupi, na kichwa ni cha rangi ya udongo. Ukiona wazima wengi na wachanga hawapo, mwaka huo uzazi ulikuwa mbaya. Kundi la namna hiyo mimi ningeliacha, hata kama kibali kinaniruhusu, kwa sababu kibali huandikwa ofisini, na ofisi haijui mti wenu una kanga wangapi.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, wala kutumia sumu. Mahindi yaliyotiwa dawa ya wadudu huua kanga, mbwa na hata mlaji. Na ukishaujua mti wa kulala, usiende nao usiku na tochi. Kundi zima huweza kwisha kwa usiku mmoja. Penye shaka, mwulizeni Bwana Nyama, kama wazee wetu wanavyomwita bado.

Vikundi vya kusikiliza, chagueni miti miwili, mwandike tarehe, saa, mahali, wazima na wachanga. Madaftari hayo ndiyo tutakayoyatumia katika somo lijalo.