Jua Bei ya Kazi Yako

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)



Hakuna mama hapa anayepeleka maharagwe sokoni Thika bila kuuliza bei kwanza. Lakini fundi akiulizwa na tajiri, "Unataka ngapi?" anajibu, "Wewe nipe tu." Hapo ndipo tunapoumia. Kazi pia ina bei, na tunaweza kuijua.

Kwanza, iko orodha ya serikali ya mishahara ya chini. Orodha hiyo inagawa Kenya kwa sehemu: miji mikubwa kama Nairobi, kisha zile zilizokuwa manispaa, kama Thika, halafu sehemu nyingine zote. Ruiru imetajwa kwa jina pamoja na manispaa. Kwa hivyo usikubali kulipwa kiwango cha mashambani kwa kazi ya mjini.

Pili, fundi asiye na gredi ana kiwango chake. Gredi ya tatu ni zaidi, ya pili zaidi, na ya kwanza zaidi tena. Mtihani wa gredi unasimamiwa na NITA. Wako waashi na washonaji wa miaka kumi ambao mikono yao ni ya gredi ya kwanza, lakini hawana karatasi, basi wanalipwa kama wanaoanza.

Tatu, orodha ni mshahara wa msingi tu. Usipopewa nyumba, unaongezwa asilimia 15. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, kiwango chako ni shilingi 20,000: nyumba ni 3,000, jumla 23,000.

Nne, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja ahesabiwe kama wa mshahara wa mwezi. Basi andika siku zako kwenye daftari.

Kumbukeni, kiwango cha serikali ni pa kuanzia, sio pa kuishia. Ulizeni wenzenu wanalipwa ngapi. Tukifichana mishahara, anayefaidika ni tajiri peke yake.

Kazi ya mwezi huu: kila kikundi kitume watu wawili ofisi ya leba waulize viwango vya sasa, wavisome mbele ya wote. Halafu muhesabu: ni wangapi kati yenu wana ufundi bila gredi? Mnachanga kwa zamu kununua sufuria na mabati. Zamu moja iwe ya mtihani wa mwenzenu.