Ubao, Ukame na Kiungo: Useremala wa Kuagiza katika Ukarabati na Upanuzi wa Nyumba za Dodoma

Useremala wa kuagiza, yaani utengenezaji wa milango, fremu, madirisha, ngazi na makabati kwa kufuata vipimo na mahitaji ya nyumba moja mahususi badala ya kununua kilichokwisha kutengenezwa, umepata soko kubwa mjini Dodoma tangu Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba itahamia huko kikamilifu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma, na ile ya 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Ongezeko hilo halikupokewa na nyumba mpya peke yake, kwa kuwa wenye nyumba za zamani katika maeneo kama Area A, Area C, Area D na Kikuyu, ambazo baadhi yake zilijengwa enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, nao wameongeza vyumba, wamezungushia baraza, wamepanua majiko na kuyageuza madirisha kuwa milango.

Hoja ya mada hii ni kwamba ubora wa kazi ya mbao katika uwanda wa kati wa Tanzania huamuliwa kwanza na ukavu wa ubao siku unapoungwa, na pili na namna kiungo kinavyouachia ubao huo nafasi ya kusinyaa na kutanuka baada ya kuungwa. Jina la mti, unene wa kipande na mng'ao wa vanishi, ambavyo ndivyo mteja huvitazama na kuvilipia, vina umuhimu wake, lakini haviwezi kuuokoa mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi au uliofungwa mahali palipotakiwa kuachwa huru.

Hewa ya Dodoma na unyevu wa ubao

Dodoma ipo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya wastani wa chini ya milimita 600 kwa mwaka, ambayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya ukame na upepo mkavu utokao mashariki na kusini-mashariki. Majira haya mawili yaliyoachana sana ndiyo yanayomsumbua seremala. Ubao, hata ukishakaushwa, huendelea kunyonya na kuachia maji mpaka ulingane na hewa inayouzunguka, na kiwango ambacho ubao hutulia nacho katika hewa fulani huitwa unyevu wa msawazo. Kiwango hicho hufuata unyevu nisbi, yaani kiasi cha mvuke uliomo hewani kikilinganishwa na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba katika joto lile lile. Katika joto la nyuzi 25, ubao uliomo katika hewa yenye unyevu nisbi wa asilimia 80, hali iliyo ya kawaida pwani, hutulia na unyevu wa karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu, ilhali katika hewa yenye unyevu nisbi wa asilimia 50 hutulia na karibu asilimia 9.

Tofauti hiyo huonekana kwa macho katika vipimo. Ubao husinyaa kidogo mno kwa urefu, kiasi ambacho seremala anaweza kukipuuza, lakini kwa upana husinyaa sana, na kusinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti hukaribia mara mbili ya kusinyaa kwa kuelekea kiini. Kwa mbao nyingi zilizopasuliwa kwa namna ya kawaida, upana hupungua kwa takriban robo ya asilimia moja kila unyevu unaposhuka kwa asilimia moja. Paneli yenye upana wa milimita 300 iliyotengenezwa ikiwa na unyevu wa asilimia 16 na kufikishwa Dodoma ikashuka hadi asilimia 9 hupoteza zaidi ya milimita 5, kiasi kinachotosha kuutoa ukingo wake ndani ya mfereji ulioushika, au, ikiwa paneli imegandishwa kwa gundi pande zote, kuipasua katikati. Hivyo ndivyo mlango mzuri wa nakshi ulioagizwa Zanzibar au Dar es Salaam, ulioungwa kwa ufundi usio na dosari kule ulikotoka, unavyoweza kufumuka viungo baada ya kiangazi kimoja Dodoma, na si haki kumlaumu fundi wa pwani kwa kosa lililotokana na kutoipa kazi yake muda wa kuizoea hewa ngeni kabla ya kufungwa.

Miti inayoufikia mji

Uwanda wa kati wenyewe hauna misitu ya mbao za maana, kwa kuwa vichaka na migunga yake hufaa zaidi kwa nguzo, mkaa na uzio. Mbao ngumu za asili, hasa mninga na mkongo, hutoka katika misitu ya miombo ya magharibi na kusini, ikiwemo ya Tabora na Katavi. Mbao za msindano, ambazo mafundi wengi huziita paini, hutoka katika mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, likiwemo Shamba la Miti la Sao Hill wilayani Mufindi linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), nazo huletwa kwa barabara ya Iringa kupitia Mtera. Mtiki hutoka katika mashamba kama Mtibwa mkoani Morogoro na Longuza mkoani Tanga.

Mninga umepata sifa yake kwa haki. Ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana zinapokauka, hutulia ukishatulia, huranda kirahisi, na moyo wake haupendwi na mchwa. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, hufaa kwa fremu za nje na vizingiti, ila huchosha patasi. Sifa hizi zote ni za moyo wa mti, yaani sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea; tabaka la nje lenye weupe huliwa na wadudu hata katika mti wenye jina kubwa, na mteja anayeona mstari mweupe ukingoni mwa fremu ya mninga ana sababu ya kuikataa.

Msindano unahitaji maelezo marefu zaidi kwa sababu ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi, kuanzia kenchi za paa hadi mifupa ya makabati, na kwa sababu lawama nyingi unazopewa zingestahili kupewa umri wake. Msindano uliovunwa ukiwa mchanga huwa na mbao nyingi za miaka yake ya mwanzo ya kukua, ambazo nyuzi zake hazijatulia na hivyo husinyaa hata kwa urefu na kujisokota kama kamba. Kipande cha mbili kwa nne kilichotoka katika mti kama huo kinaweza kuwa kimenyooka siku kinaponunuliwa na kujipinda ndani ya wiki mbili za jua la Septemba. Msindano uliokomaa, uliokaushwa vizuri na kuwekwa dawa ya kuzuia mchwa, ni mbao ya kuheshimika kwa kazi za ndani, na kuudharau wote kwa jumla kumewafanya wateja walipe bei ya mninga mahali ambapo hapakuwa na haja.

Ukaushaji hauhitaji mtambo wa gharama. Mbao hupangwa kivulini juu ya vitegemeo vilivyoinuliwa kutoka ardhini, kila safu ikitenganishwa na vijiti vyenye unene sawa vilivyowekwa kwa mstari mmoja wima kila baada ya sentimita 60 hivi, ncha zake zikapakwa rangi nzito ili maji yasitoke upesi huko na kuzipasua, na upepo mkali ukazuiwa kwa turubai upande mmoja. Hewa ya Dodoma yenyewe, ambayo ni adui wa kazi iliyokwisha kufungwa, hapa hugeuka msaada, kwani ubao wa inchi moja unaweza kuwa tayari ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache ya kiangazi. Asiye na kipima unyevu anaweza kuchagua kipande kimoja katikati ya rundo, akakipima kwa mizani kila baada ya siku chache, na kuhesabu kuwa rundo limetulia uzito huo unapoacha kushuka.

Kiungo kinachoruhusu ubao kusogea

Mlango wa paneli ndio jibu la kale la useremala kwa tatizo hili, na inafaa uelezwe kwa ukamilifu kwa sababu mara nyingi huigwa sura yake bila kuigwa maana yake. Vipande vya wima na vya mlalo vinavyofanya mzingo wa mlango ni vyembamba, hivyo kusinyaa kwake kwa upana ni kidogo, na huungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya kipande kimoja huchongwa iwe ulimi unaoingia katika tundu lililotobolewa kwenye kipande kingine, kisha vikabanwa kwa gundi na vigingi vya mbao. Paneli pana ya katikati huingia katika mfereji uliochimbwa kuzunguka mzingo huo, nayo haitiwi gundi wala msumari, ili itanuke masika na kusinyaa kiangazi bila kuisukuma wala kuivuta fremu yake. Paneli hiyo inapaswa kupakwa rangi au vanishi hadi kingoni kabla ya kuingizwa, la sivyo kiangazi kitaonyesha mstari mweupe wa ubao usiopakwa pembezoni mwake. Fundi anayepigilia paneli misumari kutoka nyuma ili isicheze anaufuta kwa nyundo werevu wote uliomo katika mlango huo.

Nyumba ya tembe ya Wagogo, ambayo haikuhitaji hata msumari mmoja, ilizingatia kanuni iyo hiyo kwa njia yake. Nguzo zenye panda zilisimamishwa, mihimili ikalazwa ndani ya panda hizo, fito zikapangwa juu ya mihimili na udongo ukatandazwa juu ya fito, kwa hiyo kila kipande kilikalia kingine kwa uzito wake na kiliweza kujisogeza kidogo bila kuvunja kitu. Si lazima mjenzi wa leo arudi kwenye paa la udongo ili anufaike na fikra hiyo.

Kanuni hiyo huenea hadi kwenye meza za jikoni na rafu pana. Uso wa mbao halisi uliounganishwa kwa mbao kadhaa haupaswi kukazwa kwa skrubu zisizo na nafasi kwenye kabati lililo chini yake. Matundu ya skrubu hutobolewa yawe marefu kwa mwelekeo wa upana, ili skrubu iteleze pamoja na ubao. Plaiwudi, ambayo matabaka yake yamegandishwa kwa nyuzi zinazokatana, haisogei sana na inafaa kwa migongo na mbavu za makabati.

Mahali ukuta mpya unapokutana na wa zamani

Upanuzi wa nyumba una matatizo ambayo ujenzi mpya hauna. Msingi wa zamani umekwisha kutulia kwa miaka mingi, wakati msingi mpya utaendelea kushuka kidogo, na mahali penye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba kwa mvua na kupasuka kwa ukame, kuta hizo mbili zitapishana kila mwaka. Fremu ya mlango iliyoshikizwa upande mmoja kwenye ukuta wa zamani na upande mwingine kwenye ukuta mpya itavutwa hadi mlango ushindwe kufunga. Ni busara fremu yote ibebwe na ukuta mmoja, na ufa unaotarajiwa ufunikwe kwa ubao mwembamba ulioshikizwa upande mmoja tu.

Vipimo navyo havifai kuchukuliwa mapema. Uwazi katika ukuta wa zamani ni nadra kuwa mraba, kwa hiyo upana hupimwa juu, katikati na chini, urefu hupimwa pande zote mbili, na mishazari miwili hulinganishwa, yote baada ya lipu kukauka na sakafu kufikia kimo chake cha mwisho. Desturi ya kujengea fremu ndani ya ukuta wakati tofali zinapopandishwa huuweka ubao katika saruji mbichi, ukanywa maji, ukavimba na baadaye ukasinyaa na kuacha mwanya. Inafaa zaidi kutumia fremu ya mfano kuushikilia uwazi, na ile halisi kufungwa mwishoni kwa skrubu na plagi. Kwa sababu hiyo hiyo makabati hayafai kuingizwa katika chumba ambacho lipu yake bado inatoa maji hewani. Miguu ya fremu haina budi kuinuliwa juu ya sakafu, kwa kuwa mchwa hupita kwa urahisi pale ambapo ubao hugusa udongo au zege yenye ufa.

Milango inayotazama mashariki inahitaji hatua, yaani ukingo uliopunguzwa ambao mlango huukalia, yenye kina cha kutosha na ukanda wa mpira wa kuzuia vumbi la kiangazi. Inayotazama magharibi haifai kupakwa rangi nyeusi, kwani kwa jua la alasiri uso wake wa nje hukauka upesi kuliko wa ndani na mlango hupinda.

Mengi ya haya yangewekwa katika makubaliano ya maandishi kati ya mteja na fundi, ambayo leo mara nyingi hutaja jina la mti, idadi na bei tu. Karatasi hiyo ingepaswa kutaja unyevu wa ubao siku ya kuunga, aina ya kiungo, nani atapima na lini, na iambatane na nakala ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa kuwa mninga usio na hati umetoka mahali ambapo hautapandwa tena upesi.

Ukarabati una hazina yake ya mbao ambayo hubomolewa pamoja na kuta. Fremu na milango ya mninga au mvule katika nyumba za miaka ya 1970 na 1980 imekaa katika hewa ya Dodoma kwa miongo mingi na imetulia kuliko ubao wowote unaoweza kununuliwa sokoni, na kukatwa kwake hakutagharimu mti mwingine. Ubao huo hugongwa kwanza kwa mpini wa patasi ili kusikiliza kama mchwa wameacha mapango ndani, misumari hutafutwa kwa sumaku kabla ya msumeno kuguswa, na rangi ya zamani, ambayo huweza kuwa na risasi, huondolewa kwa maji na msasa wa kulowesha badala ya kuchomwa au kusagwa ikiwa kavu. Vipande vya wima vya mlango mmoja wa zamani, vikipunguzwa ncha zilizochoka, hutosha kwa milango miwili ya kabati la jikoni.